Kwa nini mpira wa chuma chini ya kioo umegoma kufa

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa mwaka 1942, wakati Marekani ikiwa ndiyo kwanza imeingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, polisi wa Jiji la New York walipewa kazi ambayo kwa haraka haraka haikuwa na uhusiano wowote na vita hiyo. Waliamriwa kuingia katika maduka ya pipi, migahawa na vilabu vya pombe, na kukamata mashine za mchezo wa pinboli popote watakapozikuta.

Maelfu ya mashine yalikamatwa. Meya wa jiji hilo, Fiorello La Guardia, hakuridhika na kutoa amri tu, bali alipigwa picha akishiriki mwenyewe kuziharibu. Nyingine zilipondwa kwa nyundo na mabaki yake kutupwa majini. Hoja ya meya ilikuwa moja, kwamba mashine hizo ni kamari iliyovishwa nguo za mchezo, na kwamba zinawaibia watoto wa shule fedha walizopewa na wazazi wao kwa ajili ya chakula cha mchana.

Amri hiyo ilidumu miaka 34. Katika kipindi hicho New York ilibadilisha mameya, ikajenga maghorofa marefu kuliko yote duniani na kushuhudia watu wakitua mwezini, lakini kumpiga dafrao mpira wa chuma ndani ya sanduku la kioo liliendelea kuwa kosa la jinai.

Leo, zaidi ya miaka 80 baada ya nyundo za La Guardia, mashine hizo bado zinatengenezwa. Viwanda vyake vipo nje kidogo ya Chicago, wachezaji wanaoshindana kwa viwango vya kimataifa wamepita 100,000, na kumbi zinazokusanya mashine za zamani zimekuwa zikifunguliwa katika miji ambayo miaka 25 iliyopita iliaminika kuwa imeuzika mchezo huo. Hali hiyo inazua swali: katika zama ambazo kila mtu ana mchezo wa kompyuta mfukoni, ni nini kinachomtoa mtu nyumbani kwenda kusimama mbele ya sanduku lenye mpira mmoja?

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, pinboli ni meza ndefu iliyoinamishwa kidogo, kiasi cha nyuzi sita na nusu, na kufunikwa kwa kioo. Mchezaji huvuta springi na kuurusha mpira wa chuma wenye uzito wa gramu 80 hivi hadi juu ya meza. Kutoka hapo mpira huteremka wenyewe, ukigonga vizuizi vinavyourudisha kwa nguvu, ukipita katika njia za siri na kuwasha taa, huku pointi zikihesabiwa. Kazi ya mchezaji ni kuuzuia usitumbukie katika shimo lililo chini, na silaha yake ni vipigio viwili vifupi anavyoviendesha kwa vitufe vilivyo ubavuni mwa meza.

Vipigio hivyo ndivyo vilivyobadilisha kila kitu, na ndiyo maana inafaa kurudi nyuma kidogo.

Chimbuko la mchezo huu ni meza za michezo zilizopendwa na matajiri wa Ufaransa katika karne ya 18. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati, alipata hataza ya Marekani kwa maboresho ya meza hizo, yakiwamo ya kurusha mpira kwa springi. Lakini aliyeufikisha kwa wananchi wa kawaida ni David Gottlieb wa Chicago, ambaye mwaka 1931 alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball. Iliuzwa dola 17.50, ikakaa juu ya kaunta ya duka, na senti moja ilimpa mchezaji mipira kadhaa.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, mamilioni ya watu hawakuwa na kazi, na senti moja ndiyo burudani pekee ambayo wengi wangeweza kuimudu. Gottlieb aliuza makumi ya maelfu ya mashine. Msambazaji wake mmoja, Raymond Moloney, alipoona hapati mashine za kutosha, aliamua kutengeneza za kwake. Aliiita mashine hiyo Ballyhoo, na kutokana na jina hilo ikazaliwa kampuni maarufu ya Bally.

Tatizo ni kwamba mashine za enzi hizo hazikuwa na vipigio. Ukisharusha mpira, kilichobaki ni kutazama na kuomba dua, au kuitikisa meza. Kutikisa huko kulizidi kiasi kwamba mbunifu mmoja, Harry Williams, alibuni kifaa cha kuwadhibiti watikisaji. Toleo la kifaa hicho lililodumu hadi leo linafanana na timazi ya fundi mwashi: kipande cha chuma kinachoning'inia katikati ya pete, ambacho kikiyumba na kuigusa pete hiyo, umeme huungana na mchezaji huadhibiwa hapo hapo.

Aidha, baadhi ya mashine za miaka hiyo zilikuwa zikitoa fedha kwa mshindi. Wenye maduka wengine walitoa zawadi chini kwa chini. Kwa hiyo, tukiacha picha zake za kujionyesha, La Guardia hakuwa akipigana na kivuli. Kulikuwa na kamari kweli, na kulikuwa na wahuni walionufaika nayo. Kosa lake, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lilikuwa ni kushindwa kutenganisha meza na matumizi ya meza.

Bahati au ujuzi?

Mwaka 1947, miaka mitano baada ya marufuku ya New York, kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine iitwayo Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs. Ilikuwa na vipigio sita vinavyoendeshwa kwa umeme. Kwa mara ya kwanza mchezaji aliweza kuuzuia mpira, kuulenga na kuupeleka anakotaka. Mchezo wa kubahatisha uligeuka kuwa mchezo wa kujifunza.

Sheria, kama ilivyo kawaida yake, ilichelewa kuliona badiliko hilo. Katika miji mingi, ikiwamo Chicago kwenyewe zilikokuwa zikitengenezwa, mashine hizo ziliendelea kuwa haramu au kubanwa. Baadhi ya majimbo yalihesabu hata mchezo wa bure anaopewa mshindi kuwa ni zawadi ya kamari. Watengenezaji walitafuta upenyo: kuanzia mwaka 1960 Gottlieb ilitoa mashine ambazo badala ya mchezo wa bure humwongezea mchezaji mpira katika mchezo ule ule anaoucheza. Mawakili waliridhika. Ni jambo la kuchekesha, lakini sehemu kubwa ya ufundi tunaousifu leo katika mashine hizi ilizaliwa kwa lengo la kukwepa hakimu.

Ukuta ulianza kupasuka mwaka 1974, pale Mahakama Kuu ya Jimbo la California ilipoitengua marufuku ya Los Angeles kwa hoja kwamba pinboli ni mchezo unaotawaliwa zaidi na ujuzi. Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya New York.

Aprili 1976, wafanyabiashara wa mashine za burudani walimpeleka mbele ya kamati ya baraza la jiji kijana mmoja mwandishi wa magazeti, Roger Sharpe, aliyekuwa akiandaa kitabu kuhusu mchezo huo. Ziliwekwa mashine mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya akiba. Diwani mmoja aliyekuwa na mashaka aliikataa ya kwanza, akihofu kwamba imechezewa, na kuamuru itumike ile ya akiba, ambayo Sharpe hakuwa ameizoea.

Alicheza, lakini wajumbe hawakuonekana kushawishika. Ndipo akafanya jambo ambalo wapenzi wa mchezo huo wanalisimulia hadi leo. Kabla ya kuvuta springi, alitangaza kwamba mpira utapita katika njia ya katikati zilizo juu ya meza. Akavuta, akaachia, na mpira ukapita katikati kama alivyosema. Kamati ikapiga kura ya kuondoa marufuku.

Miaka mingi baadaye Sharpe mwenyewe amekiri kwamba katika mpigo ule kulikuwa na bahati pia. Kukiri huko kunafurahisha, kwa sababu kunaonyesha kwamba swali lililokuwa mbele ya madiwani halikuwa na jibu safi. Pinboli ina bahati na ina ujuzi, na mvuto wake upo mahali viwili hivyo vinapokutana. Mpira ungekuwa unatii kila mpigo, bingwa angecheza siku nzima bila kuutoa jasho, na usingetii hata kidogo, hakuna ambaye angerudi kesho.

Michezo ya kompyuta inaweza kuiga bahati hiyo kwa hesabu, lakini mpira wa chuma hauigi. Unateleza kwa sababu meza imepakwa nta jana, au unakwama kwa sababu mpira wa kizuizi fulani umechakaa. Mashine mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani siku moja, hazichezi sawa. Mchezaji hujifunza tabia ya mashine moja kama dereva anavyojifunza tabia ya gari bovu la tajiri wake.

Kampuni iliyochagua kamari

Uhuru wa mwaka 1976 haukudumu sana kabla ya kuja mpinzani mpya. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japan ilitoa Space Invaders, na mwaka 1980 Namco ikaleta Pac-Man. Kumbi za michezo zikajaa mashine za skrini, ambazo hazikuhitaji fundi kila wiki na zilichukua nafasi ndogo. Pinboli ikasukumwa pembeni.

Iliibuka tena kwa muda. Mwaka 1992 mashine ya The Addams Family, iliyobuniwa na Pat Lawlor, iliuzwa zaidi ya 20,000, rekodi ambayo hakuna mashine ya zama za kisasa iliyoivunja. Lakini kufikia mwishoni mwa muongo huo soko lilikuwa limeporomoka. Kampuni ya Williams ya Chicago, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, ilijaribu kuinusuru biashara hiyo mwaka 1999 kwa kuchanganya mpira wa chuma na picha za kompyuta katika meza moja. Mashine hizo ziliuzwa vizuri kiasi, lakini si kwa kiwango cha kuwaridhisha wenye hisa. Oktoba mwaka huo huo, Williams ilikifunga kitengo chake cha pinboli.

Ilifunga ili kuelekeza nguvu katika nini? Katika mashine za kamari za kwenye kasino.

Msomaji na alitazame jambo hilo vizuri. Kwa miaka 34 mchezo wa pinboli uliandamwa katika jiji kubwa kuliko yote Marekani kwa madai kwamba ni kamari. Ulipoachiwa huru na kuthibitishwa kwamba si kamari, kampuni yake kubwa ikaiacha ili kutengeneza kamari yenyewe, kwa leseni na kwa baraka za sheria, kwa kuwa huko ndiko kwenye faida. Mashine ya ujuzi humpa mchezaji hodari dakika 20 kwa sarafu moja. Mashine ya kamari humaliza sarafu hiyo kwa sekunde chache, na mchezaji hana anachojifunza cha kumsaidia kesho.

Aliyebaki uwanjani ni Gary Stern, mtoto wa mzee aliyekuwa katika biashara hiyo hiyo, ambaye mwaka 1999 alichukua kitengo cha pinboli cha Sega na kuanzisha Stern Pinball. Kwa takriban muongo mzima kampuni yake ndiyo iliyokuwa ikitengeneza mashine hizo kwa wingi peke yake duniani. Mwaka 2011 ilizaliwa Jersey Jack Pinball, na tangu hapo zimejitokeza nyingine ndogo ndogo.

Habari za karibu na nyumbani

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Pinboli kweli haijapata kuwa na mizizi Afrika Mashariki. Lakini swali lililoiandama limebisha hodi kwetu mara nyingi.

Mwaka 2016 viongozi wa serikali nchini Tanzania walipiga marufuku kucheza pool nyakati za kazi, wakieleza kuwa vijana wanashinda mezani badala ya kuzalisha mali. Nchini Kenya, msako mkali uliendeshwa mwaka 2018 dhidi ya mashine za kamari zilizokuwa zimetapakaa hadi vijijini, na nyingi ziliteketezwa hadharani, katika picha ambazo La Guardia angezitambua mara moja. Na katika mitaa ya Dar es Salaam, mashine zinazoitwa dubwi zimewakusanya watu wazima na sarafu zao mbele ya baa na maduka.

Hapa kuna mambo mawili tofauti ambayo mara nyingi yanawekwa katika kapu moja. Meza ya pool, kama pinboli, humlipa anayefanya mazoezi. Dubwi halimlipi mtu mazoezi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 iliunda bodi ya kusimamia mambo ya bahati, na hilo ni jema. Lakini katika midomo ya wakubwa, kijana aliyeshika kijiti cha pool bado anahesabiwa kundi moja na anayelilisha dubwi, huku kijana wa tatu, aliyeketi peke yake kimya akisuka mkeka wa mechi nane kwenye simu yake, akionekana hana tatizo kwa kuwa hapigi kelele.

Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa waliowahi kutumwa sukari na kuchelewa kurudi kwa sababu ya kibanda cha gemu. Televisheni moja, vishikio viwili, na watoto 15 waliojazana wakisubiri zamu. Bakora ilifuata. Lakini ninachokikumbuka zaidi si mchezo wenyewe, ambao jina lake hata sina hakika nalo. Ni wale 15, na namna ambavyo mwenye zamu alishauriwa, akatukanwa na kushangiliwa kwa wakati mmoja.

Hilo ndilo linalouzwa leo katika kumbi za zamani zilizofufuliwa. Kule Brookfield, pembezoni mwa Chicago, ukumbi wa Galloping Ghost uliofunguliwa mwaka 2010 umekusanya mamia kwa mamia ya mashine. Mteja hulipa kiingilio mara moja na kucheza siku nzima bila kutumbukiza sarafu. Katika mji wa Laconia, New Hampshire, ukumbi wa Funspot umekuwapo tangu mwaka 1952 na sasa una jumba la makumbusho ndani yake. Kule Brooklyn, mwaka 2004 ilifunguliwa baa iitwayo Barcade iliyopanga mashine za miaka ya 1980 ukutani, na mtindo huo ukaigwa katika miji mingi.

Hata hivyo, si kila mahali panacheka. Japan, nchi iliyoipa dunia Pac-Man, ilikuwa na kumbi zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1980, lakini kufikia mwaka 2019 zilikuwa zimebaki kama 4,000. Janga la corona lilipoingia, kampuni ya Sega iliuza sehemu kubwa ya hisa za kumbi zake kwa kampuni ya Genda mwaka 2020, na mwaka 2022 ikauza zilizobaki. Jina la Sega, lililokuwa juu ya milango hiyo kwa miongo kadhaa, likashushwa. Kumbi nyingi zilizosalia zinaishi kwa mashine za kunasa midoli kwa mkono wa chuma, ambazo mtu anaweza kujiuliza kama zipo upande wa ujuzi au wa bahati.

Wengine husema mvuto wa mashine hizi ni watu wazima kuulilia utoto wao. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Miongoni mwa wanaoshiriki mashindano ya sasa wapo waliozaliwa baada ya Williams kufunga kitengo chake. Kijana wa miaka 20 hawezi kukikumbuka asichokiona. Anachokifuata ni mchezo wenye mwisho: mipira mitatu, kisha unaondoka mezani na kumpisha mwenzako. Simu yake haijapata kumwambia aondoke.

Kinachotia shaka ni bei. Baffle Ball ilikuwa dola 17.50. Mashine mpya leo inauzwa zaidi ya dola 6,000, na matoleo maalumu hupita 10,000. Kila moja ina vipande zaidi ya 3,000, na bado huunganishwa kwa mikono. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya wanunuzi si wenye kumbi tena bali watu wenye uwezo wanaoziweka katika vyumba vya chini vya nyumba zao. Mchezo uliozaliwa kwa senti ya mtu asiye na kazi unarudi ulikotoka, katika sebule za matajiri, na mashine iliyoko sebuleni haina foleni wala mtu wa kukuzomea.

Kwa wenye kumbi za wazi, mtihani mwingine ni vipuri. Koili na swichi za pinboli bado zinapatikana, kwa kuwa wapo wanaozitengeneza. Kazi ngumu ipo kwenye mashine za skrini za miaka ya 1980, ambazo hutumia vioo vya televisheni za kizamani ambavyo viwanda vimeacha kuvitengeneza. Mafundi huviokota katika televisheni zilizotupwa, na kila kioo kinachopasuka hupunguza akiba iliyobaki duniani kwa kimoja.